Baraza ya mbao Tanga: mtiki, paini ya dawa au WPC (shajara ya ujenzi)

Novemba 2024: mahali penyewe

Nyumba ipo Tanga, upande wa Raskazone, si mbali na bahari. Baraza ya zamani ilikuwa ya saruji, imepasuka katikati kwa sababu udongo wa chini umetitia, na fundi wa uashi amesema wazi kwamba kuiziba tena ni kutupa pesa. Tumekubaliana nyumbani tuivunje na mahali pake tuinue baraza ya mbao juu ya vinguzo vya zege: urefu mita 6, upana mita 3, itazame kaskazini mashariki, pasiwe na paa juu yake. Upana huo una sababu yake. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilikuwa vyembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa boriti za mikoko hazikufika mbali zaidi. Sisi tunabaki palepale kwa sababu ubao wa mita 3 unapatikana bila kuunganishwa, na kila kiungo ni mlango wa maji.

Kabla ya kuuliza bei nimeandika baraza hii itatumikaje, maana hilo ndilo litakaloamua. Mama anatembea peku. Jioni anawasha jiko la mkaa nje, anachemsha chai, wakati mwingine anachoma mahindi. Watoto wanaingia na miguu ya mchanga wa bahari. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi kwenye nondo za madirisha. Na nyuma ya jiko kuna kichuguu ambacho tumekibomoa mara kadhaa na kinarudi.

Mbao ninazozifikiria ni tatu. Paini iliyopigwa dawa, ile inayotoka Sao Hill kule Mufindi. Mtiki wa shamba la miti la Longuza, hapa jirani wilayani Muheza. Na WPC, mbao za unga wa mbao na plastiki ambazo sasa zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Mninga, mvule na mkongo nimeviweka pembeni tangu mwanzo. Ni mbao bora, hakuna anayebisha, ila ni miti ya msitu wa asili inayochukua miongo mingi kufikia kupasuliwa, na mwaka 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, uliofanyika Panama uliingiza mininga na mikongo ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kitanda cha mninga ninacho, nilirithi, kitaishi kuliko mimi. Sakafu ya kukanyagwa kwenye mvua sitaki niikatie mti wa namna hiyo wakati kuna mti unaopandwa, unavunwa na kupandwa tena.

Desemba 2024: dukani kwa WPC

Nimekwenda Dar kwa shughuli nyingine, nikapitia maduka mawili. Muuzaji wa kwanza alikuwa na maneno matamu: "Dada, hii ukishaiweka umeisahau. Mchwa hali, haiozi, rangi hupaki." Nilimwomba anionyeshe ubao kwa upande wa mwisho badala ya uso. Hapo ndipo mtu anapojua ananunua nini. Ubao wa bei nafuu ulikuwa na matundu marefu ndani, ukuta wake mwembamba. Wa bei kubwa ulikuwa mzito, umejaa, na juu yake umevikwa ganda la plastiki tupu.

Kwa kawaida nusu au zaidi ya ubao wa WPC ni unga wa mbao, na kinachobaki ni plastiki, mara nyingi poliethilini, ileile ya mifuko na chupa. Marekani kampuni ya Trex imekuwa ikiuza mbao za namna hiyo tangu miaka ya 1990, wakitumia plastiki iliyokwishatumika. Mbao za kizazi cha kwanza hazikuwa na ganda, na unga wa mbao ulio karibu na uso ulikunywa maji, ukaota ukungu na madoa. Ganda liliwekwa kuzuia hilo. Kwa hiyo mtu akiuziwa WPC isiyo na ganda kwa ajili ya nje, ajue anauziwa teknolojia ya zamani kwa jina jipya.

Nilimuuliza mambo matatu. Mihimili ya chini iachane kiasi gani? Akasema sentimita 30 hadi 40, na kweli WPC haina ukakamavu wa mbao, mihimili ikiachana zaidi inabonyea. Ubao wa mita 3 unarefuka kiasi gani kwenye jua? Hilo hakuwa na jibu, nami nimelipiga hesabu mwenyewe: joto likipanda nyuzi 30, ubao kama huo unarefuka milimita 3 hadi 4, hivyo nafasi ya kupumulia lazima iachwe mwishoni. Mbao ya mti hairefuki hivyo. Yenyewe inatanuka kwa upana ikinywa maji. Swali la tatu ndilo lililonikaa moyoni: ubao mmoja ukivunjika baada ya miaka mitano, nitapata wa aina hiyohiyo, wenye mfuo uleule wa klipu, vile vibano vinavyoushika ubao kwenye mhimili, na rangi ileile? Akanijibu kwa uaminifu, na ninamheshimu kwa hilo, kwamba kontena lijalo linaweza kuja na kitu kingine.

Nimerudi na vipande vya mfano, chenye ganda na kisicho na ganda.

Januari 2025: majaribio uani

Kaskazi limetulia, jua ni kali, wakati mzuri wa kupima. Nimepanga vipande sakafuni: WPC ya rangi ya kahawia iliyokoza, mtiki, paini ya dawa. Saa sita mchana mama alikuja kukanyaga bila kuambiwa kipi ni kipi. Kwenye mtiki alisimama. Kwenye paini alisimama. Kwenye WPC aliondoa mguu palepale, akasema, "Hii mwanangu itaniunguza, mie sina viatu vya kuvalia barazani kwangu." Rangi ina mchango wake hapo, WPC ya kijivu hafifu ingekuwa na nafuu, lakini plastiki nzito inashika joto na kulipeleka kwenye nyayo upesi kuliko mbao.

Jaribio la kaa la moto ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Nilichukua kwa koleo kaa lililoiva kutoka kwenye jiko la mama na kuliweka juu ya kila kipande, nikahesabu polepole hadi kumi, nikaliondoa. Kwenye WPC yenye ganda liliacha shimo lenye kingo zilizovimba, ndani linang'aa kama nta iliyomwagika, na harufu ya plastiki iliyoungua ilibaki uani muda mrefu. Nilijaribu kusugua kwa msasa, shimo likabaki shimo na ganda likazidi kuchubuka, rangi ya ndani ikaonekana. Kwenye mtiki liliacha duara jeusi. Msasa namba 80, kisha 120, duara likaondoka, pakabaki kishimo ambacho kidole hakikihisi isipokuwa ukikitafuta. Paini iliungua zaidi ya mtiki lakini nayo ilisuguliwa ikatakata.

Jiko la mkaa si jambo la kumwambia mama aliache. Baraza bila chai ya jioni si baraza. Kwa nyumba hii WPC imepoteza nafasi yake hapo, kabla hata ya kufika kwenye bei. Na bei nayo haikuisaidia: ile yenye ganda ilizidi mtiki kwa kila mita ya mraba nilipojumlisha klipu na mihimili ya ziada.

Sisemi haifai popote. Mdogo wangu yuko Minnesota, ana baraza ya WPC nyuma ya nyumba na anaipenda. Kule mchwa si tatizo kubwa, jua si la kutwa nzima mwaka mzima, duka lenye mbao zilezile lipo karibu, na kumwita fundi wa kusugua mbao kila baada ya miaka michache ni gharama nzito. Hoteli yenye bwawa la kuogelea nayo ningeielewa, maana mguu wa mgeni hautakiwi kuchomwa na kibanzi. Kila nyumba ina maisha yake.

Jaribio la mwisho ni la mchwa, nalo linataka subira. Karibu na kichuguu nimefukia nusu ya kila kipande, vimesimama kwenye mstari: paini isiyo na dawa, paini ya dawa, mtiki wa kiini, yaani wa ndani ya gogo, mtiki wa sehemu nyeupe ya nje ya gogo, na WPC zote mbili. Tutavichimbua masika ikiisha.

Februari 2025: Muheza na paini

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa mtiki hawaambiwi. Sifa zote za mtiki, mafuta yake, ugumu wake mbele ya mchwa na maji, ziko kwenye kiini, ile sehemu ya rangi ya dhahabu iliyoiva. Weupe wa nje unaliwa kama mbao nyingine yoyote. Miti ya shamba inavunwa ikiwa michanga kuliko mitiki mikubwa ya kale ya Burma, kwa hiyo weupe wake ni mwingi. Kwenye banda la kupasulia mbao nilikuta rundo ambalo kila ubao wa pili ulikuwa na ukanda mweupe upande mmoja. Mwenye banda alitaka nichukue rundo zima kwa bei moja. Fundi seremala niliyekwenda naye, mtu mzima aliyezoea mbao tangu ujanani, alimjibu kwa upole, "Kaka, tunachagua ubao mmoja mmoja, na ulio mweupe tutaununua kwa bei ya mweupe." Tukachagua. Weupe kidogo tuliouchukua utakwenda kwenye rafu za stoo.

Hesabu ni hii. Ubao una upana wa milimita 90 ukisharandwa, unene 25, na uwazi kati ya mbao ni milimita 5. Kwa urefu wa mita 6 zinaingia mbao 63, kila moja mita 3. Tumeongeza 8 za akiba. Stakabadhi na hati ya kusafirishia mbao tumezichukua na kuzihifadhi, na nawasihi wengine wafanye hivyo, kwa sababu mbao zisizo na karatasi zinamnyima aliyeupanda mti haki yake.

Mihimili ya chini, ambayo haitaonekana wala kuguswa na jiko, itakuwa ya paini ya dawa, inchi mbili kwa sita. Paini laini ina faida moja kubwa, inakubali dawa hadi ndani. Lakini sokoni kuna paini iliyochovywa tu ikapata rangi ya kijani. Njia ya kujua ni kuomba ubao mmoja ukatwe, tena si mwishoni, kwa maana mwishoni dawa huingia hata kama katikati haikufika. Tulikata sentimita 30 kutoka mwisho. Duka la kwanza, kijani kilikuwa ukoko wa juu tu, ndani njano tupu. Tuliondoka. La pili, kijani kilifika karibu na moyo wa ubao. Tukanunua hapo.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona kwa macho yangu: vipande vya mbao za dawa visiwekwe jikoni. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Chini ya sakafu, mbali na mikono na chakula, naikubali. Kwenye kuni za kukaangia mandazi, hapana kabisa. Vipande vyetu vyote tumevifunga kwenye kiroba, na fundi amekata juu ya turubai akalikusanya vumbi la msumeno, amevaa barakoa.

Machi hadi Mei: masika

Vinguzo 12 vya zege vilimwagwa kabla mvua hazijashika, kila kimoja kikiwa na kikofia cha bati la alumini kilichokunjwa kingo kuelekea chini. Mchwa wa ardhini hupanda kwa njia ya udongo. Kikofia hakimuui, kinamlazimisha kujenga njia yake nje, mahali unapoiona na kuikwangua. Ndiyo maana pia tumeinua sentimita 45 kutoka ardhini, mtu aweze kuinama na kuchungulia, na upepo upite.

Mbao za mtiki zimepangwa kwenye banda, vijiti katikati ya kila safu, mawe juu yake. Sina kipima unyevu, ila nina mizani. Ubao mmoja tumeuwekea alama ya chaki na tunaupima kila wiki. Ulikuja na kilo 5.2. Ukashuka, ukashuka tena, mpaka ukasimama kwenye kilo 4.4 na kukaa hapo wiki baada ya wiki. Hapo ndipo tulipojua umeshakubaliana na hewa ya Tanga, na ndipo uwazi wa milimita 5 unapokuwa na maana. Ukipiga mbao mbichi kwa uwazi huo, kiangazi unapata mianya ya kupitisha vijiko.

Juni 2025: vipande vimechimbuliwa

Paini isiyo na dawa haikubaki kitu cha kushika. Sehemu ya juu ya ardhi ilikuwa inaonekana nzima, nilipoivuta ikatoka nyepesi mkononi, chini imeliwa ikabaki mishipa migumu imesimama kama kurasa za msahafu wa kale. Mtiki mweupe ulikuwa umetafunwa kingo na uso mmoja. Mtiki wa kiini ulikuwa na udongo tu, tukauosha, kingo zake bado kali vilevile ulivyokatwa. Paini ya dawa haikuguswa. WPC zote mbili mchwa walipita juu yake na kujenga njia ya udongo wakienda kwingine, hawakula. Muuzaji wa Dar alisema kweli kwenye hilo, ila isiyo na ganda ilikuwa imeanza kuwa na madoa meusi.

Fundi alikiangalia kipande cha mtiki mweupe kwa muda, kisha akarudi bandani na kuzipitia mbao zote upya. Mbili zenye ukanda mweupe zilizokuwa zimetupita Muheza alizitoa, akaweka za akiba.

Julai 2025: kupiga mbao

Mihimili mikubwa 4 juu ya vinguzo, mihimili 8 juu yake, ikiachana sentimita 42 hivi. Kila tulipokata paini tulipaka dawa kwenye ncha mpya kwa brashi kabla ya kuifunga, kwa sababu msumeno unafungua moyo ambao dawa ya kiwandani haikufika. Juu ya kila mhimili tumebandika utepe wa lami, mpana kuliko mhimili kidogo. Maji yanayosimama kati ya ubao na mhimili ndiyo yanayoozesha, na matundu ya skrubu ndiyo mlango wake.

Sakafu nzima inashuka sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bustanini.

Skrubu zimekuwa gharama kubwa kuliko nilivyotarajia kuona mtu akilipia skrubu. Hesabu yake: mbao 63, mihimili 8, skrubu 2 kila makutano, jumla 1,008. Fundi alipendekeza za kawaida zilizopakwa zinki kupunguza gharama. Nikamwonyesha bawaba za lango letu, zilizonunuliwa zikiwa na zinki, sasa zinadondosha kutu. Tena chuma cha kawaida kinapokutana na mtiki kinaacha doa jeusi kuzunguka kila tundu. Tumechukua za chuma cha pua, zile za mafundi wa boti. Kwenye kichwa cha skrubu kuna alama: A2 ni daraja la 304, A4 ni daraja la 316 linalovumilia chumvi zaidi. Sumaku haitakusaidia kutofautisha hizo mbili, soma alama.

Fundi ana namna yake ambayo nimeipenda sana kuitazama. Anatoboa kwanza kwa keekee, anapanua mdomo wa tundu kidogo ili kichwa cha skrubu kikae sawa na uso, kisha anachovya ncha ya skrubu kwenye kipande cha sabuni ya mche kabla ya kuizungusha. Inaingia bila kelele. Hakuna ubao uliopasuka. Kijana wake anashikilia kipande cha milimita 5 kati ya mbao, anakitoa, anasogea, na fundi hainui kichwa.

Kona ya bomba la kunawia miguu hatukuiwekea mbao. Pale panalowa kutwa na hapapati jua, na mbao yoyote, ya mti au ya plastiki, ingeota utelezi wa kijani. Pamebaki zege lililokwaruzwa kwa ufagio.

Agosti 2025: kupaka au kutopaka

Kulikuwa na mjadala mrefu. Vanishi nimeikataa, jua la hapa linaibandua kwa vigaga na kuikwangua ni kazi mbaya kuliko kuipaka. Fundi alipendekeza sifa, mafuta ya samaki wanayopaka majahazi. Mama akasema sifa ibaki baharini, yeye hanywi chai kwenye harufu ile. Mafuta ya mbegu za kitani yanalisha ukungu kwenye hewa yenye unyevu kama yetu. Tumeuacha mtiki mtupu. Utageuka kijivu ndani ya mwaka, nguvu yake haipungui kwa kugeuka rangi, na ukihitaji dhahabu yake irudi, iko chini ya msasa.

Jiko limepata bamba lake la bati, limewekwa juu ya matofali mawili.

Kazi iliyobaki: ngazi ya kushukia bustanini, ambayo inasubiri mbao nene zaidi kutoka Muheza, na mkono wa kushikia upande wa kushoto kwa ajili ya mama. Mbao 6 za akiba zimelala stoo, zimeandikwa tarehe. Vuli ikipita nitaingia chini na tochi, nikague vikofia vyote 12 na kukaza skrubu za safu ya nje inayopigwa na mvua, kisha nitaandika nilichokikuta.